Askari Aliyefia Ugenini: Niemba, Kindu, Tabora

Mhadhara uliotolewa Kabondo-Dianda mbele ya wazee, walimu na wanafunzi

Jambo yenu wazee, jambo yenu mama zetu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliobanana madirishani.

Nitaanza na reli, maana hapa kwetu habari nyingi hushukia gare. Mtu akipanda treni hapa Kabondo-Dianda akafika Kamina, akangoja (na kungoja treni mnakujua), kisha akashika ile ya Kabalo, atafika mahali ambapo reli inagawanyika. Tawi moja linakwenda mashariki hadi Kalemie, kwenye ziwa. Jingine linapanda kaskazini, linapita Kongolo na kuishia Kindu. Kwenye tawi la mashariki kuna kituo kidogo kinachoitwa Niemba. Karibu na Niemba, tarehe 8 Novemba 1960, waliuawa askari 9 wa Ayalandi. Kindu, mwezi kama huo mwaka uliofuata, waliuawa wanajeshi wa anga 13 wa Italia. Wote 22 walikuwa wametumwa Kongo na Umoja wa Mataifa. Wote wanakumbukwa kwao kwa heshima kubwa, hawa Dublin, wale Pisa, na kila Novemba inapofika kuna watu wanaowapelekea maua.

Nimekuja kusema jambo moja, nalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Askari aliyefia ugenini aandikwe na wenyeji wa pale alipoanguka, na jina lake likae pamoja na majina ya wenyeji waliokufa siku ile ile. Akiandikwa kwao peke yake, kwa lugha ya kwao, kwa machozi ya kwao, nusu ya habari imezikwa naye. Na wenye nusu ile nyingine ni sisi.

Mkumbuke hali ilivyokuwa. Uhuru tuliupata tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Huku kaskazini, kuanzia Bukama mpaka Manono na Kabalo, watu wengi walikuwa wafuasi wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe, na utengano ule hawakuutaka. Tshombe akawatumia majandarmu walioongozwa na maofisa wa Kibelgiji na mamluki weupe, na mshahara wa watu hao ulitoka katika kodi ambazo kampuni ya migodi ya Union Minière iliilipa serikali yake ya Élisabethville. Vijiji vikachomwa. Vijana wa Balubakat nao wakashika pinde, mikuki na minyororo ya baiskeli, wakang'oa reli, wakabomoa madaraja, na wengine wao wakaua watu wasio na kosa lolote. Njia hii yetu ya Bukama na Kamina ilichafuka vibaya. Nyumba zenye wazee hazihitaji mimi nije kuzisimulia. Mwezi wa Oktoba Umoja wa Mataifa ulitangaza sehemu kubwa ya kaskazini kuwa eneo lisiloegemea upande wowote, ukaweka askari wake kulilinda.

Miongoni mwao walikuwa Waairishi wa kikosi cha 33, wenye makao Albertville, yaani Kalemie ya leo. Ayalandi ilikuwa haijawahi kupeleka vikosi vyake nje kabla ya mwaka ule wa 1960. Ni nchi ndogo, iliyotawaliwa na jirani yake kwa karne nyingi na kujikomboa kwa bunduki ndani ya karne hiyo hiyo. Kama kuna Wazungu ambao wangeweza kuelewa hasira ya Mluba, basi ni hao. Walitua Kongo wakiwa wamevaa sare za sufu nzito zilizoshonwa kwa baridi ya kwao. Hebu fikirini sufu hiyo kando ya mto Lukuga mwezi wa Agosti, saa nane mchana.

Tarehe 8 Novemba Luteni Kevin Gleeson aliondoka kwenye kambi ndogo ya Niemba na watu wake 10, katika magari 2. Kazi yao ilikuwa kuifungua barabara iliyowekewa vizuizi. Walifika kwenye mto Luweyeye wakakuta daraja limeharibiwa. Wakashuka kulitazama. Watu wakajitokeza kichakani, wanaokadiriwa kuwa mia moja hivi, pinde mkononi. Walionusurika walisimulia kwamba Gleeson aliwaelekea ameinua mkono, akawapa salamu aliyojifunza huku: Jambo.

Nakaa kidogo kwenye salamu hiyo. Mimi nimewaamkia kwayo sasa hivi na mmeiitikia bila hata kufikiri. Gleeson aliitamka sawasawa na hakuna aliyeiitikia. Kwa kijana wa vijiji vile, mwezi ule, mtu mweupe mwenye sare na bunduki alikuwa jandarmu au mamluki wa Tshombe, na wale nao walijua kusema Jambo kabla ya kuwasha kiberiti. Mishale ikatoka. Waairishi wakarudi nyuma kuelekea kwenye kilima kidogo huku wakipiga risasi. Vita vilikwisha haraka. Tisa walikufa. Wawili, Joseph Fitzpatrick na Thomas Kenny, walijificha vichakani, wakaja kupatikana wakiwa hai. Upande wa Waluba, hesabu inayotajwa mara nyingi ni kama 25.

Majina ya wale tisa ninayo na ninaweza kuwasomea bila kukosea: Kevin Gleeson, Hugh Gaynor, Peter Kelly, Liam Dougan, Matthew Farrell, Thomas Fennell, Anthony Browne, Michael McGuinn, Gerard Killeen. Cheo cha kila mmoja kinajulikana. Walipozikwa Dublin, tarehe 22 Novemba, umati uliojipanga barabarani ulikuwa mkubwa kupita kiasi, na wakalazwa katika makaburi ya Glasnevin, wanakolala mashujaa wa taifa lao. Browne hakuwamo siku hiyo: mwili wake ulipatikana miaka 2 baadaye, na ndiye askari wa kwanza kabisa kutunukiwa nishani ya ushujaa ya jeshi la Ayalandi.

Na wale 25? Mniwie radhi, hapa kwenye karatasi yangu pana nafasi tupu.

Dublin kulibaki kitu kingine, nacho ni jina letu. Kwa miaka mingi mitaani kwao neno Baluba lilikuwa tusi la kumwita mtu mkorofi, mtu asiyestaarabika. Siwalaumu sana. Mji ulikuwa na msiba, na hakuna aliyefika kuueleza kwa nini watu wa mahali pasipojulikana, kwenye mto wasioweza kuutamka, wamewaua vijana waliokuja kwa amani. Kaburi la Glasnevin liliwataja waliokufa. Kazi ya kueleza nani aliwaua na kwa sababu gani ikaachiwa tusi la mtaani. Hivyo ndivyo inavyokuwa habari ikizikwa nusu. Nusu iliyobaki juu haikai kimya, inajitafutia maneno yake yenyewe.

Kindu nitaipita haraka zaidi. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege 2 za mizigo aina ya C-119, za brigedi ya 46 ya anga yenye makao Pisa, zilitua pale na mahitaji ya askari wa Malaya waliokuwa wakilinda uwanja. Wanajeshi wa anga 13, wakiongozwa na Meja Amedeo Parmeggiani, hawakuwa na silaha. Walikwenda kula kwenye mesi ya Umoja wa Mataifa. Askari wa jeshi la taifa waliokuwa mjini wakawadhania ni mamluki wa Tshombe, wakawavamia, wakawapiga, wakawaua. Miili ilifukiwa katika makaburi ya Tokolote. Iligunduliwa mwanzoni mwa 1962 ikarudishwa Italia, na kando ya uwanja wa ndege wa Pisa likajengwa kanisa la kumbukumbu kwa michango ya wananchi. Humo ndimo walimolazwa. Mbele ya uwanja wa Fiumicino, Roma, pana mnara mwingine wa kuwakumbuka. Medali ya dhahabu ya taifa walipewa mwaka 1994, miaka 33 baada ya kufa, kwa hiyo msidhani ni sisi tu tunaochelewa.

Angalieni lakini. Niemba waliuawa kwa kudhaniwa mamluki. Kindu, mwaka mmoja na siku 3 baadaye, waliuawa kwa kudhaniwa mamluki. Waliotupa mishale Luweyeye na waliofyatua risasi Kindu hawakuwa watu wa jeshi moja, hawakuwa wa kabila moja, wala hawakuwahi kukaa shauri pamoja. Kosa la aina moja likirudiwa hivyo, yupo aliyelitengeneza, naye hakuwepo Niemba wala Kindu. Alikuwa Élisabethville, ofisini, akitia sahihi mikataba ya watu weupe wenye bunduki za kukodi. Sisemi hivyo ili kuwatakasa waliochinja watu wasio na silaha. Kindu ilikuwa mauaji, na neno jingine la kuyapamba sina. Ila mtu akitaka kumbukumbu iwe ya kweli, huyo wa ofisini naye atafutiwe nafasi.

Sasa wapo wanaosema kwamba minara ni mambo ya Wazungu, kwamba Mwafrika humkumbuka mtu wake moyoni. Mtu mwingine anaweza kusema hivyo. Mluba akisema hivyo nitamkatalia.

Sisi tuna lukasa. Vijana wengi wameiona kwenye vitabu tu, au kwenye picha za makumbusho ya Ulaya yaliyochukua nyingi. Ni ubao wa mti wa kutosha kushikwa kwa mkono mmoja, umejazwa shanga na simbi, mwingine umechorwa na kuchongwa pia. Wanachama wa Mbudye ndio waliojua kuusoma. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha kulia juu ya shanga, na kila shanga ilikuwa mfalme, au kijiji, au safari, au ugomvi. Shanga moja kubwa iliyozungukwa na ndogo ilikuwa mkuu na watu wake. Mstari wa shanga ulikuwa njia. Ubao wenyewe haukusema kitu bila mtu aliyefundishwa, na mtu yule hakusema yale yale kila siku, kwa sababu wasikilizaji hawakuwa wale wale: mbele ya mfalme alisisitiza hiki, mbele ya ukoo wenye madai ya ardhi alisisitiza kile. Wataalamu wa nje walipoandika habari zake walistaajabu. Bibi zetu wasingestaajabu. Nani asiyejua kwamba habari husimuliwa kwa kutazama nyuso?

Kuna pia kitenta. Mfalme wa Waluba alipofariki, makao yake hayakuachwa yaote majani. Yaligeuka mahali pa roho yake, na mwanamke aliyeitwa mwadi alikaa pale akiwa ndiye mfalme mwenyewe, na mfalme mpya alimpelekea zawadi. Huo ni mnara wenye mdomo. Unaweza kuuuliza swali ukajibiwa.

Na ndani ya lukasa yumo nani? Yumo Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki. Mgeni. Alikuja na adabu zake, alikula kwa kujificha, akazaa na dada za Nkongolo, na mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyeweka msingi wa ufalme. Yumo vilevile Nkongolo Mwamba, mwekundu yule, katili, mlevi, aliyetaka kumuua mpwa wake kwa kumchimbia shimo la mikuki chini ya mkeka wa ngoma. Mababu zetu wangeweza kumng'oa shanga yake wakabaki na mwema peke yake. Hawakufanya hivyo. Mgeni na dhalimu wamekaa juu ya ubao mmoja, umbali wa kidole, maana habari ya mmoja haisimuliki bila ya mwingine. Kwa hiyo ninapopendekeza Mwairishi na Mluba waliouana wakae pamoja, sijaleta ugeni wowote. Nimefungua kabati la nyumbani.

Tugeuze upande sasa, tujitazame sisi tukiwa wageni.

Tarehe 19 Septemba 1916 Force Publique, jeshi la koloni letu chini ya Wabelgiji, iliingia Tabora, mji ulioshikwa na Wajerumani wakati ule, ikiwa imepigana Usoke, Lulanguru na Itaga siku chache kabla. Mwaka uliofuata ilifika Mahenge. Aliyeongoza vita vya Tabora ni Jenerali Charles Tombeur, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa mtawala huku Katanga. Baadaye alipewa ubaroni, akaruhusiwa kujiita Tombeur de Tabora. Brussels kuna barabara iitwayo Tabora, katikati ya mji; kwenye mtaa wa Saint-Gilles kuna mnara wa jenerali mwenyewe. Askari Wakongo waliokufa katika kampeni ile ni karibu 2,000. Wapagazi waliobebeshwa ni zaidi ya 200,000, na walikufa kwa maelfu, kwa kuhara, kwa njaa, kwa mabega yaliyooza chini ya masanduku ya risasi. Jenerali aliuvaa mji mzima kama sehemu ya jina lake. Mpagazi aliyekufa njiani hakuachiwa hata jina alilokuja nalo.

Paul Panda Farnana, Mkongo aliyepigana Ubelgiji mwaka 1914 na kukaa kifungoni kwa Wajerumani miaka yote ya vita, aliporudi alianza kuwadai Wabelgiji heshima kwa wafu hao. Alifariki mwaka 1930. Mnara wa majeshi ya kampeni za Afrika uliwekwa Schaerbeek mwaka 1970, wakati ambapo koloni lenyewe lilikuwa limekwisha miaka 10. Askari wa vita vilivyofuata, waliokwenda Uhabeshi mwaka 1941 wakapokea silaha za Waitalia huko Saïo, na wale waliofika mpaka Burma, walingoja pia. Mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kinshasa akamvika nishani Koplo Albert Kunyuku, aliyekuwa na umri wa miaka 100. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu miaka.

Kwa Waingereza mambo hayakuwa bora. Dar es Salaam, pale njia za Samora na Azikiwe zinapokutana, tangu 1927 amesimama askari wa shaba ameelekeza singe yake bandarini. Kabla yake mahali hapo palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Maandishi yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawasifu askari, wapagazi na wote waliokufa. Majina hakuna. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ilhali ahadi ya Tume tangu mwanzo ilikuwa kila aliyekufa aandikwe bila kujali cheo wala rangi. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni kuomba radhi. Januari 2025 Cape Town ilifungua kumbukumbu ya Waafrika zaidi ya 1,700 waliokufa katika vikosi vya kazi: nguzo za mti wa mvule, kila nguzo na jina lake, karne moja na zaidi baada ya wenyewe kuoza.

Yote hayo ni madai yetu kwa wakubwa, na ni ya haki. Lakini kuna madai mengine tusiyoyapenda. Siku Mkongo atakapokwenda Tabora kuwaomba Wanyamwezi waandike majina ya babu zetu waliokufa Itaga, Mnyamwezi atakuwa na maswali. Atauliza habari za ghala lililomwagwa. Atauliza habari za wanaume waliofungwa kamba kupelekwa upagazini, na za mabinti. Jeshi lile lililishwa na vijiji lilivyopita, na sifa yake Tabora haikuwa ya kuimbiwa. Babu zetu walikuwa wageni pale kama Gleeson alivyokuwa mgeni Luweyeye, tofauti ni kwamba Gleeson alikuwa hajamchomea mtu nyumba. Tukitaka Tabora iwapokee wafu wetu, tuwe tayari kusikia kile watakachoandika pembeni yao.

Najua mnaloliweka akibani. Nimelisikia kila mahali nilipotaja jambo hili: kwa nini tuanze na Wazungu 9 wakati wafu wetu wenyewe wa miaka ile, wa hapa kwenye njia ya reli, wa Luena, wa Bukama, wa Manono, wa kambi ya wakimbizi Waluba kule Élisabethville, hawajaandikwa popote? Hoja ina uzito. Wengine huongeza kwamba Umoja wa Mataifa ulimwacha waziri mkuu wetu Lumumba afe, na kwamba kofia za buluu zilikaa kimya wakati vijiji vyetu vikiungua. Hayo nayo hayakutungwa.

Jibu langu ni la mwalimu wa darasani. Orodha ya wageni imekamilika, ina majina tisa, ina vyeo. Mkiiweka ukutani peke yake itawachoma macho, na mtoto wa kwanza atakayepita atauliza: na hawa wengine 25 walikuwa nani? Hapo ndipo wenyewe mtaamka kuwatafuta. Waliokuwa vijana wa miaka 20 mwaka 1960 leo wamepita 80. Baadhi yao wamekaa mbele yangu. Daftari la shule linatosha kuanzia, na kalamu mbili, moja ikikauka wino. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake nyumba kwa nyumba, waulize nani hakurudi, kutoka kijiji gani, alikuwa mwana wa nani, alikuwa na upande gani au hakuwa na upande. Waandike na majina ya waliouawa na vijana wetu wenyewe, kwa sababu nao ni wa hapa. Mwenye kukataa kusema aachwe. Saruji ya mnara ni kazi ya mwisho, tena ndiyo rahisi: fundi yupo, mchanga wa mto upo.

Na wageni waliopita huku si Waairishi na Waitalia tu: watu wa Kamina wamezoea kuona majeshi ya watu yakija na kuondoka. Kambi ile kubwa Wabelgiji waliijenga baada ya vita vya pili vya dunia. Umoja wa Mataifa ukaichukua mwaka 1960. Mwishoni mwa 1962 ndege za Waswidi ziliruka kutoka pale kwenda kupiga uwanja wa Kolwezi. Mwezi wa Novemba 1964 makomando wa Kibelgiji walipita pale wakielekea Stanleyville. Wote walikuwa na wafu wao, na walijua kuwakumbuka kwao. Kapteni Gurbachan Singh Salaria, Mhindi aliyekufa Élisabethville tarehe 5 Desemba 1961, alipewa Param Vir Chakra, nishani kubwa kuliko zote nchini mwake. Waghana zaidi ya 40 waliuawa Port-Francqui Aprili mwaka huo. Operesheni nzima, kutoka 1960 hadi 1964, iligharimu maisha ya watu wapatao 250 wa Umoja wa Mataifa. Wakongo waliokufa miaka hiyo hiyo walikuwa maelfu yasiyo na idadi, na huwezi kuwakuta wamesomwa kwa majina katika sherehe yoyote ya New York.

Nimalizie na swali la kupanga majina, maana kamati nyingi za namna hii hugombana hapo kabla hata ya kununua saruji.

Okinawa, Japani, mwaka 1995 waliweka kuta za mawe meusi zenye majina zaidi ya 240,000 ya waliokufa katika vita vya 1945, wakiwemo Wajapani na Wamarekani. Kila taifa limepewa ukuta wake, lakini uwanja ni mmoja. Kaskazini mwa Ufaransa, kwenye kilima cha Notre-Dame-de-Lorette, walifanya jambo gumu zaidi mwaka 2014: duara kubwa lenye majina zaidi ya 579,000 ya Wafaransa, Wajerumani, Waingereza, Wahindi, Waafrika, yote yamepangwa kwa alfabeti tu. Hakuna cheo. Hakuna nchi. Aliyepiga risasi na aliyepigwa wanaweza kuwa wamegusana mabega kwa sababu ya herufi.

Ningependa Luweyeye tufanye kama Lorette. Tuchukue, kwa mfano tu, majina yaliyozoeleka kwetu, yangekaa hivi: Banza, Browne, Dougan, Farrell, Fennell, Gaynor, Gleeson, Ilunga, Kabamba, Kelly, Killeen, McGuinn, Mwamba, Ngoy. Kiluba, Kiswahili, Kifaransa na Kiairishi juu ya mnara wenyewe, na tarehe. Halafu mtu wa kuusoma, aliyefundishwa kama msomaji wa lukasa alivyofundishwa, anayeweza kuulizwa habari za majandarmu, za vijiji vilivyochomwa, za mamluki na za aliyewalipa.

Lakini mimi si mzazi wa yeyote kati ya hao. Mzee ambaye kaka yake alikufa Niemba anaweza kuniambia kwamba hataki jina la kaka yake likae katikati ya Gleeson na Kelly. Huko Ayalandi wapo pia ndugu ambao wangesema hivyo hivyo, na ninadhani wangekuwa na haki sawa. Ikiwa hivyo, jiwe liwe moja lenye sura mbili, wetu upande wa mto, wao upande wa barabara? Au kila familia ijichagulie? Wazee, hapo ndipo ninapotaka kuwasikia, na sitaki tuzungumzie saruji kabla hamjanijibu.